Koti la Twyla Mbele ya Jaji

S.L.P. 41,
Prairie Fork, Nebraska.
9 Mei, 2024

Mpendwa mdogo wangu Milo,

Hujambo huko Alaska? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima. Goti langu linazilalamikia ngazi za mahakama, lakini bado nazipiga deki, na masikio hayajachoka.

Habari kubwa ni ya mpwa wako. Shule ilimfukuza mkutubi, Bi. Havlik, kwa kukataa kuondoa vitabu rafuni. Twyla akashona mgongoni mwa koti lake la timu ya mbio: "Mrudisheni Bi. Havlik." Akasimamishwa masomo siku kumi, akaambiwa hatapanda jukwaani kwenye mahafali ya tarehe 18. Tukaishtaki shule.

Miaka kumi na tisa nafagia chumba kile cha kesi nikisikiliza. Mawakili hawabishani nani ana haki. Wanabishana kesi hii imefanana na ipi ya zamani, kama mashangazi kwenye kitanda cha mzazi wakimtazama mtoto mchanga: huyu anaona pua ya baba, yule masikio ya bibi.

Wakili wetu, Bwana Pruitt, alileta ya jirani zetu wa Iowa, 1969. Wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita, na mahakama ya juu kabisa ikasema shule haiwezi kuwanyamazisha bila kuonyesha masomo yamevurugika. Wakili wa shule akaleta ya 1988: mwalimu mkuu aliruhusiwa kuondoa habari kwenye gazeti la wanafunzi, maana gazeti lilikuwa la shule.

"Mheshimiwa, koti lina herufi ya shule kifuani," akasema. "Linasema kwa sauti ya shule."

"Nililinunua mimi," nikasema kutoka nyuma.

"Darlene," akaniambia askari wa mahakama, "leo umekuja kukaa. Kaa."

Kuhusu vurugu, walikuwa na ushahidi mmoja: wavulana wawili walisukumana kwenye foleni ya chakula. Ikajulikana waligombea viazi.

Jana Bwana Pruitt akapiga simu. Shule itafuta adhabu na Twyla atapanda jukwaani, mradi tuondoe kesi kabla jaji hajaandika hukumu. Nikamwambia mwanangu tukubali.

"Na mtoto wa mwakani akivaa koti lake, bila hukumu wakili wake atasoma nini?" akauliza Twyla.

"Ya Iowa si ipo?"

"Ile ni ya vitambaa, mama. Watasema koti si kitambaa. Si wewe uliyenifundisha?"

Nikamwonya kwamba hukumu inaweza kuchelewa, na tukishindwa, shule nyingine zitaisoma hiyo hiyo.

"Basi waandike nimeshindwa, na waandike kwa nini. Nitakata rufaa."

Asubuhi nimempigia Bwana Pruitt: hatukubali. Mahafali yakitangulia hukumu, Twyla atasimama nje ya uzio wa uwanja na koti lake, nami pembeni yake. Pale ni barabarani, na barabara si ya shule. Nimeshaisoma sheria.

Wasalimie mkeo Inga na mapacha. Mama anakusalimu, anasema ataleta kiti chake hapo kwenye uzio.

Mungu akukinge na baridi, wewe na nyumba yako.

Dada yako akupendaye,
Darlene