Kwa Baba Farah, Kinyozi Aliyetembeza Midoli

Mwaka umetimia, Baba Farah, tangu tulipokuzika hapa Nakuru, siku ile ya mvua ya Aprili 1956. Familia imenipa mimi mkeo kazi ya kuandika kwa sababu wanasema sikosi maneno. Mama yako ametoa sharti moja tu: jina la ndugu yako Obeid lisionekane chini ya tangazo hili la gazetini. Anasema aliyetoa siri yako mjini hawezi kuwekwa pamoja na wanaokulilia. Nimemjibu kwamba nitaandika kwanza, halafu tutaona.

Ulikuwa kinyozi wa mtaa wa Bondeni miaka kumi na minne. Mkono wako ulikuwa mwepesi, watoto walisinzia kitini huku mkasi ukilia masikioni mwao. Maskini ulimnyoa bure kisha ukamshukuru kana kwamba yeye ndiye aliyekunyoa wewe. Ulifagia duka mara mbili kila asubuhi, hata kama hapakuwa na cha kufagia. Chai yako uliinywa imepoa. Ukipata wazo jipya ulikuna sikio la kushoto, na mimi nikikuona unakuna sikio nilianza kushuku.

Ndiyo, mimi ni mtu wa kushuku, na ulijua uliponioa. Ukirudi mapema nilitaka kujua nani amekufukuza. Ukichelewa, nani amekuzuia. Ulicheka ukaniambia, "Mama Farah, wewe ungefaa kazi ya polisi." Na zilikuwa siku za hali ya hatari, kila mtu anamtazama mwenzake mikono, watu wanapunguza sauti jirani akipita. Sikuwa peke yangu, ila wenzangu walishuku wageni, mimi nilikushuku wewe.

Ilianza na lile sanduku. Ulilitoa Gilgil, kwenye mnada wa Mzungu aliyekuwa akihama: midoli ya watoto wake, mingine ya bati, mingine ya mti, mingi imevunjika mikono. Muda si mrefu yule Mgoa mpiga picha alifunga studio yake, akakuachia kamera ya sinema, ile ya kutiwa ufunguo kama saa. Ukatia kufuli stoo ya nyuma. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wako, mmoja wa Obeid. Wangu haukuwepo.

Nilipokuuliza mnafanya nini humo, ulisema, "Subiri, nataka uone ikiwa tayari." Maneno hayo hayakunituliza hata kidogo. Nikapata rangi ya mdomo katika mfuko wa koti lako. Wiki iliyofuata nikakuta kanga yangu ya bluu imekatwa kipande. Nikajumlisha mwenyewe: kuna mwanamke mahali, na ana mtoto mchanga anayefungwa kanga yangu.

Sasa Obeid ametueleza. Ulikuwa ukitengeneza sinema ya midoli. Uliiondoa mikono ya bati ukaweka ya waya ili ipindike. Ulipiga picha moja, ukamsogeza mdoli upana wa ukucha, ukapiga nyingine, na Obeid ameshika taa ya karabai asitikisike. Jumapili nzima ilikwisha ndipo mdoli mmoja akavuka chumba. Vumbi la mji lilikuwa ile poda yako ya shingoni. Ziwa lilikuwa kioo cha duka kilichovunjika, na heroe wake, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa vipande vya sabuni nyekundu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi: mwenye upara anaingia kwa kinyozi, watu wanamcheka, mara nywele zote za sakafuni zinaamka, zinatambaa, zinampanda miguuni mpaka zinamfika kichwani. Ulijaribu sufu ya kondoo, ukaona inadanganya. Basi ukatumia nywele za kweli, za wateja wako, kila mtu na mkebe wake wa sigara, na juu yake jina la mwenyewe ili rangi zisichanganyike.

Hapo ndipo ulipokosea. Watu wa hapa hawaachi nywele zao ovyo, zisije zikaangukia mikono mibaya. Mzee Masinde wa reli alikuwa akiokota zake mwenyewe mpaka siku ulipomwahidi kwamba wewe unazichoma zote.

Jumatatu moja ya Novemba wateja walikuja, siri imekwisha kutoka. Wa kwanza alikuwa Odero, yule mwendesha gari la sinema ya serikali.

"Fundi, nasikia nywele yangu iko kwako."

"Iko, Bwana Odero. Ni ya sinema."

"Sinema gani inataka nywele yangu? Mtu wa sinema hapa ni mimi. Nipe."

Ukampa. Ukawapa wote waliokuja, mmoja mmoja, kwa adabu. Mzee Masinde alifungua mkebe wake, akatia kidole, akapima.

"Hii si yote."

"Ni yote, Mzee."

"Nimenyolewa hapa miaka sita. Hii ni ya mwezi moja. Ile ingine umepeleka wapi?"

Mchana askari wawili walikuja kuchukua mikebe iliyobaki. Mmoja alisoma majina kwa sauti, akauliza hii ni orodha ya nini. Walikuuliza maswali siku mbili, wakakuachia. Lakini mtu aliyesikia jina lake likisomwa na askari katika siku zile hakurudi kukalia kiti chako.

Duka likawa tupu. Ndipo ukaanza kupanda mlimani Dundori siku za soko, unanyoa wauza viazi nje, kwenye ukungu na manyunyu. Ulirudi na kikohozi, kikohozi kikawa kichomi. Mama yako alikaa kando ya kitanda chako akauliza nani alitoa siri ya stoo, na ufunguo wa pili uko kwa nani. Sote tukamgeukia Obeid. Obeid akatazama chini. Wewe ukasema, "Mama, mwache Obeid," ukageukia ukutani. Tulidhani unamsamehe.

Mwaka huu wote Obeid hajala kwa mama yenu. Siku ya Idi alisimama mlangoni akatoa salamu, hakuitikiwa. Nilikuwa ndani, ninapakua pilau, na nilimsikia vizuri.

Mwezi uliopita sinema yako ilirudi. Obeid aliipeleka posta Jumamosi, siku mbili kabla wateja hawajaja. Ilikwenda kusafishwa ng'ambo, ikapotea njiani, ikafika hatimaye na jina lako juu ya kifurushi. Odero mwenyewe alileta mashine yake, kwa aibu, bila kuombwa. Tukatundika shuka stooni mchana, tukafunga mlango. Mama yako alikataa kuingia, anasema sanamu ni sanamu, dini haitaki. Tuliingia mimi, watoto na Obeid.

Mwenye upara aliingia kwa miguu yake. Anatembea kweli, Baba Farah, anayumba kidogo tu, kama aliyeazima viatu. Nywele zikaamka. Farah na Khadijo walicheka mpaka wakakohoa. Odero aliacha mashine akanyoosha kidole, "Ile pale ni yangu. Na ile." Na pembeni, karibu na kioo, amekaa mdoli mwanamke wa kanga ya bluu, mdomo mwekundu, anawatazama wanaume wote kwa jicho la kando. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Nilijiona, na niliona kwamba ulinipenda hivyo hivyo.

Halafu yule mwanamke akaruka. Hakutembea kama wenzake. Alikuwa karibu na kioo, mara yuko mlangoni, amewapa watu mgongo. Watoto walidhani ndiyo mchezo wenyewe. Mimi nilishika ukuta.

Sasa nitasema, na wasomaji wa gazeti hili wasikie. Ijumaa ile, kabla ya Jumatatu ya wateja, ulipokuwa msikitini nilitoa ufunguo katika suruali yako iliyotundikwa, nikaingia stoo. Nilimwona mdoli amevaa kanga yangu. Nikamchukua mkononi. Hapo nikaiona mikebe, nywele za watu, majina ya watu, na mimi nimetengenezwa kwa bati, nikaamini unanifanyia dawa. Nikamweka popote nikatoka mbio. Jioni ukauliza kama kuna mtu aliingia. Nikasema, "Labda Obeid."

Jumapili, bombani, nilimwambia Nabalayo, mke wa Mzee Masinde, "Nywele za mzee wako ziko kwetu, kwenye mkebe." Sikutaka kukuharibia kazi. Nilikuwa na hofu, nikataka mwanamke mwenzangu aniambie kwamba siogopi bure. Aliniambia hivyo, na kufikia jioni nyumba zote za reli zilikuwa zinajua.

Sinema ilipokwisha nilimzuia Obeid mlangoni.

"Kwa nini hamkumrudisha yule mdoli mahali pake? Baba Farah alikuwa akirudia kazi ya siku nzima kwa kosa la ukucha."

"Nilimwambia, shemeji. Aliporudi kutoka msikitini alimkuta amehama, na ufunguo wangu ulikuwa kwangu, akajua ni wewe. Mimi nikasema tumrudishe. Akasema, mwache hapo, amekwenda mwenyewe alikotaka."

"Kwa hiyo ulijua. Na ukanyamaza mwaka mzima?"

"Mwenye mke alinyamaza. Ningesema mimi?"

Baba Farah, ulikuwa unajua. Uliniuliza nani aliingia huku unajua, ukasikia nikimtaja ndugu yako, ukanywa chai yako. Ulipanda Dundori kwenye baridi huku unajua. Usiku wa homa niliukanda mgongo wako kwa mafuta ya karafuu, nawe hukusema neno moja la kuniumiza. Ningependa ungesema. Ningelia mbele yako, si mbele ya gazeti.

Nimemsomea mama yako karatasi hii kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha aliinuka, akaingia jikoni, akapakua chakula, akafunika sahani, akamwambia Khadijo ampelekee ami yake na amwambie kesho aje ale hapa. Kwangu hajasema kitu bado, nami sitamwuliza.

Tunaokukumbuka ni sisi: ndugu yako Obeid, aliyekushikia taa, mama yako Safiyo, wanao Farah na Khadijo, na mimi mkeo Kuluthum, niliyesema.

Mola akurehemu. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.