Mstari wa Tatu

Kaka Nzau,

Hapa Gitothua kuku uliyetuachia ameanza kutaga. Duka la redio nimelifunga; wakikwambia nimekuwa mvivu, waache waseme.

Siku ya mazishi ya mama, kabla hujarudi Thika, ulinishika mkono ukasema nilimtunza vizuri. Neno hilo silistahili. Kengele ya mashine yake ya oksijeni, ile ya kutuonya stima ikipotea, niliitengeneza mwenyewe. Nilibadilisha rezista moja, kile kidude cha kupunguza umeme, nikasoma rangi za mistari yake kama ulivyonifundisha: kahawia, nyeusi, nyekundu. Omu elfu moja. Nilipoijaribu ililia kwa mbali, nikadhani ni betri imechoka. Halafu stima ikapotea mchana ule mama alipofariki, mashine ikazima. Mke wangu Wanja alikuwa hapo nje akianika nguo, na hakusikia chochote.

Jana niliing'oa ile rezista nikamwomba Wanja anisomee. Akasema mstari wa tatu ni rangi ya machungwa. Hiyo ni elfu kumi, kaka. Kengele ingelia vipi?

Nimekuwekea ndani ya bahasha uione. Mimi hata sasa, juani, naona nyekundu.

Ni mimi mdogo wako,
Kyengo