Shimo la Mwezini na Jina Lako

Mama Tumaini wangu,

Kwetu Uwemba baridi ni ileile, na mwanamume mzuri kuliko wote bado ni mimi. Wenye wivu wabishe. Ila kichwa changu kimevurugika.

Unakumbuka siku ile tunachimba viazi, mwezi umetoka mchana kweupe, ukaniuliza yale madoa ni nini? Nikakwambia ni kiazi nilichorusha nikiwa kijana, kikagonga pale. Ukasema, "Muongo wewe! Jembe lenyewe linakushinda." Ukacheka mpaka ukakaa kwenye tuta.

Basi juzi nimekuja huku Makambako, na bado nipo. Mjukuu wetu Neema, yule mwalimu, kajifungua binti. Jioni akanitolea darubini ya shule, upepo wa huku unaitingisha, nikachungulia. Mama Tumaini, ni shimo kweli! Ukingo wa mviringo, kuta zinashuka ngazi ngazi kama shamba la mlimani, katikati kimesimama kilima. Neema anasema jiwe lilitoka juu likapiga, chini pakabonyea halafu pakaruka, ndiyo kile kilima. Eti ukitoka Makambako mpaka Njombe mjini bado uko ndani ya shimo. Nikamwambia, mjukuu wangu, kiazi changu hakikuwa cha mchezo.

"Na lina jina, babu. La mzee mmoja wa Ulaya aliyepima nyota."

"Wangeweka langu?"

"Kwanza usome, babu. Halafu ufe."

Nikacheka, kicheko kikakatika. Maana hata kwetu jina la marehemu ndilo analopewa mtoto, na mwenye kulitoa ni mimi. Ubatizo Jumapili, na mimi nawazungusha tu. Nikilitoa, si nimekubali umeondoka? Nisipolitoa, binti wa watu anaitwa "Mtoto" mpaka lini? Mimi ninayejua kila kitu, hili sikulielewa. Silielewi mpaka sasa.

Nikampakata. Tangu tumzae Tumaini sijawahi kulitamka jina lako. Nikasema, "Edina." Sauti kama si yangu.

"Ndiyo umelitoa, babu?" Neema analia.

"Ndiyo hilo."

Sasa nyumba nzima Edina, Edina, na mimi kila wakiita nageuka kutazama mlangoni.

Pumzika, mama. Ukiwasikia, usihangaike kuitika. Wanamwita mtoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Tumaini