Kisanduku cha Kumi na Sita

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi kilaptopu changu kimeomba apdeti, nimekubali. Sikusoma hata mstari, nimegusa "Sawa" na kwenda kuoga. Kilaptopu kikajizima, kikajiwasha, kikatulia kama hakuna lililotokea. Nikafungua Linux, mfumo wa pili uliomo ndani yake ninamoendeshea programu zangu. Duara likazunguka, likazunguka, halafu: imeshindikana kuanza.

Humo ndani ya Linux ndimo ulimo ubao wa Mama. Visanduku kwenye skrini, kila kimoja na neno lake, akikigusa kinasema. Niliutengeneza mwenyewe mwezi Machi. Tangu kiharusi ulimi umegoma, mkono wa kulia umegoma, na kichwa kinatikisika chenyewe kutwa nzima, huwezi kujua kimekubali au kimekataa. Kimebaki kidole cha kushoto. Na kilaptopu hiki, kwa kuwa ni chepesi, kinakaa pajani kwake bila kumwumiza.

Kaka yangu mkubwa anakuja Jumamosi kumchukua Mama akaishi kwake. Tuliafikiana hivyo. Ubao lazima uwe unasema kabla ya hapo. Sitaki Mama aende kule bila sauti.

Nimeudhika? Ndiyo. Lakini humu hasomi mtu, basi niseme kweli: nimesisimka pia. Kuna kitu cha kuchunguza!

Jumanne, 10 Juni

Diski ilikuwa imejaa. Ndiyo hiyo tu! Nimefuta filamu tisa ambazo sijawahi kuzitazama, nikazima, nikawasha, Linux ikafunguka. Ubao upo wote. Mama akagusa "Maji" — kimya. "Chai" — kimya. Akanitazama vile mimi ninavyomtazama fundi bomba.

Kazini (bohari ya dawa, napima joto la majokofu) akili haikuwepo. Nimeandika namba za jokofu la pili kwenye karatasi ya la tatu. Mchana nikauliza mtandaoni, kwenye jukwaa la wapenzi wa Linux. Jamaa anayejiita Bisibisi akajibu kwamba baada ya apdeti huduma ya sauti iliyo ndani ya Linux wakati mwingine haiamki yenyewe, inabidi iamshwe. Akanipa mstari mmoja wa kuandika. Akanionya nisiguse kitu kabla ya kunakili rekodi zangu kwenye flashi. Nimenakili.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika mstari wa Bisibisi, na ubao umesema! "Maji," kwa sauti yangu mwenyewe. Maneno yote niliyarekodi nikiwa na mafua, kwa hiyo Mama ana mafua mwaka mzima. Akagusa "Asante". Tukacheka, yeye kwa bega.

Halafu jioni, nikiwa namwonyesha nguo nitakazomfungia za kwenda nazo kwa kaka, akagusa — kimya. Tena — kimya. Kisha "Chai" ikatoka vizuri kabisa. Sasa hii ni nini? Hitilafu inayokuja na kuondoka. Aina ninayoichukia kuliko zote, na ndiyo inayoninyima raha mpaka niijue.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegusa mimi mara hamsini. Yote yamesema. Akigusa Mama, mara yanasema, mara hayasemi. Kwa nini kidole changu na si chake? Nimefuta skrini. Nimempaka mafuta ya mkono, labda ngozi imekauka. Wapi!

Kaka amepiga simu, nikaiweka spika. Chumba tayari, dirisha linatazama barabara. Akamwuliza Mama kama amefurahi. Kimya. Nikamwambia ni mashine, apdeti imeivuruga. Akasema mashine zangu hizo nimezitaka mwenyewe. Akaongeza kwamba godoro ni jipya. "Asante," ubao ukasema. Kaka akasema si unaona, mtu kafurahi.

Ijumaa, 13 Juni

Bisibisi kanijibu leo, mistari miwili: "Dada, acha kubahatisha. Kama programu yako inaandika kila inapoguswa, kasome." Na inaandika! Niliiagiza mwenyewe nikasahau. Faili zima, kila mguso na saa yake. Nimetoka kazini, nimemshukuru jirani anayeshinda na Mama, nikalifungua hata viatu sijavua.

Jumatano jioni, wakati wa nguo: kisanduku 16. Kisanduku 16. Alhamisi, wakati wa simu: kisanduku 16, mara tisa.

Kisanduku cha 16 hakina neno. Maneno yangu yalikuwa kumi na tano, safu ni nne kwa nne, kikabaki cheupe pale pembeni. Nikasema nitakijaza baadaye. Mimi nilikuwa najaribu vyenye maneno tu. Programu haina kosa. Imeguswa patupu, ikanyamaza.

Nikarudi nyuma. Aprili, hakuna hata kimoja. Mei, Jumapili ile kaka alipotaja kuhama kwa mara ya kwanza: 16, 16, 16. Na karibu kila siku tangu hapo. Sisi tulidhani kidole kinateleza. Kabla ya apdeti sikuwa nasikiliza ukimya wake hata kidogo.

Nikasoma maneno yangu kumi na tano, moja moja. Maji, Chai, Choo, Dawa, Baridi, Nimechoka, Asante... "Ndiyo" ipo. "Hapana" haipo. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nimempa ndiyo bila hapana, kisha wiki nzima natafuta kosa kwenye mashine. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerekodi "Hapana" asubuhi, ya kukijaza kisanduku cha 16. Mara kumi na moja. Kila moja ilitoka na adabu kupita kiasi, ya mwisho ndiyo nimeikaza. Nikamwekea kilaptopu pajani, sikumweleza kitu. Kidole hakikutafuta. "Hapana." Akatulia. "Hapana, hapana, hapana" — anacheka kwa bega, machozi yanamtoka.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwuliza taratibu.

"Mama, unataka kwenda kukaa kwa kaka?"

"Hapana."

Nilifurahi, nakiri. Nikamshika mkono ule mzito. "Basi unabaki hapa na mimi."

Alinitazama. Kisha kidole kikashuka.

"Hapana." Kwa sauti yangu, na mafua sina.

Nikauliza tena, labda sikuuliza vizuri. Hapana.

Kaka amefika, yuko sebuleni na maboksi yake. Ameuliza kama mashine imeharibika tena. Nimemwambia inafanya kazi, akae kwanza. Swali la tatu sina. Tangu Mei tulikuwa tunabishana wawili, kwake au kwangu, na sote tulijiona watoto wema.

Nimeongeza safu chini ya ubao. Visanduku vinne, sijaandika neno; safari hii maneno achague yeye. Naandika haya nimeketi sakafuni, miguuni pake. Amevitazama vyote vinne. Amegusa cha kwanza. Kimya. Anasubiri nimwulize.