Likizo Uliyoipanga, Mjomba

Mjomba,

Najua si desturi yetu kumwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Lakini wewe ndiwe uliyenizoesha: wewe unasema, mimi naandika, kisha unaniambia, "Hebu nisomee," upate kujua kama sikutia chumvi yangu. Leo naandika na msemaji hayupo. Nikizidisha chumvi, niwie radhi.

Tumekwenda, Mjomba. Ile likizo yako tumeimaliza, siku zote sita, na Mama alikuwamo ndani ya gari.

Ngoja nianze mwanzo, maana mdomo wangu unaujua.

Ulipokuja na daftari jipya ukaniambia niandike juu kabisa "Likizo ya Bakari", nilicheka, na nakiri nilicheka vibaya. Likizo lilikuwa neno letu sisi walimu na makarani. Wewe ulikuwa nyapara wa kambi miaka thelathini, ukiwapeleka wazungu kuvua, kuwinda na kutazama wanyama, ukiwapigia hema na kuwachemshia maji ya kuoga katikati ya miiba. Uhuru umekuja, umestaafu, Mungu amekupa kibaraza na kikombe cha kahawa hapa Msambweni, na wewe unataka kurudi porini kustarehe! Nikakuuliza, "Kuna nini huko, Mjomba?" Ukanijibu, "Ndilo ninalotaka kujua. Miaka yote hiyo nilikuwa naangalia chungu kisiungue. Sijawahi kukaa nikatazama."

Nikaacha kucheka, nikaandika.

Ukanitajia wasafiri. Mzee Ndoro, Mduruma wa kule Kinango, aliyekuwa akifuata nyayo za wanyama katika kambi zenu tangu ujanani. Salimu mpishi. Mimi. Na dada yako, mamangu. Hapo kalamu yangu ilisimama, ukaniambia, "Mbona umenyamaza? Andika."

Maana baina yako na Mama, tusifichane, palikuwa na ukuta. Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani Bibi, mama yenu, alipofariki, lakini siku zile nazikumbuka. Wewe ulikuwa kambini, huko nyikani juu ya Lunga Lunga. Mtu akatumwa kwa miguu akuite, akarudi peke yake. Akasema, "Nimemwambia. Amelia sana, lakini haji. Anauguza mtu." Mama akayamalizia mwenyewe: anauguza mzungu wake. Ulipofika, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Akakupokea mlangoni kwa maneno mawili, "Karibu, mgeni."

Na mgeni ukawa, miaka kumi na tano. Hakukutukana hata siku moja. Alikutandikia mkeka mpya, akakuletea sinia iliyofunikwa kawa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasimama na maji ya kunawa kama vile umeshuka kutoka Makka. Lakini uani, tunakokula sisi kwa kunyang'anyana minofu, hakukuita tena. Majirani walimsifu kwa jinsi anavyomheshimu kaka yake. Mimi nilijua ile ni adhabu. Na wewe ulijua, ukanawa mikono, ukasema, "Ahsante, dada."

Ulipanga twende mwezi wa nane, shule zikifungwa. Mwezi wa tano kifua kikakulaza, na Mungu akachukua amana yake hata hujamwambia Mama habari za safari. Mama alilia, Mjomba. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna mtu anayemlilia mgeni namna ile.

Baada ya arobaini nilitoa daftari nikasema tuende. Wee! Salimu alikataa kabisa, akasema kambi bila nyapara ni soko. Mzee Ndoro akatuma salamu kwamba jina lako likitajwa yeye yuko njiani. Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi. Akasema, "Pori lilimchukua akiwa hai. Mimi nilifuate la nini?"

Nikamwambia basi anisikilize tu nikisoma. Nikaanza: siku ya kwanza, Bodo, kuvua. Unakumbuka nilivyokubishia? Nilikwambia watu wa pwani kwenda likizo kuvua samaki ni kama mwalimu kwenda likizo kusahihisha madaftari. Ukaniambia, "We andika." Sasa namsomea Mama, natazama uso wake, ndipo nikaona. Samaki anawajua. Umemwanzishia safari kwa kitu asichoweza kukiogopa. Nikaendelea. Siku ya pili, saa sita, kila mtu kivulini na asisemeshwe mtu, kwa sababu jua la utosini humpasua Mama kichwa, na akisemeshwa huwa mkali. Ndimu na tangawizi mbele garini, kwa maana gari humchafua moyo. Mtungi wa maji ya udhu, mbali, mpishi asiuguse. Hema moja mlango uelekee kibla.

Jina lake hukulitaja mahali popote. Mimi nimesomea ualimu, nimefundishwa kupanga kazi ya muhula mzima kwa mistari na rula, na Wallahi sijaona kichwa kama chako. Hukujua kuandika hata jina lako, na umezipanga siku sita zikamzunguka mtu mmoja bila mwandishi wako kushtuka. Niliona haya, Mjomba. Niliona haya kwa kile kicheko.

Nikafika siku ya nne. Uliniambia niandike neno moja tu, "mahali", na nilipouliza mahali gani, ulitazama pembeni. Mama akaacha kukuna nazi.

"Mahali gani?"

Nikamwambia hukusema.

"Ndoro anapajua?"

Nikamwambia huenda anapajua. Akaisukuma mbuzi kando. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini nikishapaona, narudi kwangu siku hiyo hiyo."

Salimu aliposikia Mama anakwenda, akafunga sufuria zake bila kuulizwa. Nilipanda Kwale kutafuta kibali cha kuwinda. Karani akavuta fomu akaniuliza, "Mzungu wenu anaitwa nani?" Nikamwambia hatuna. "Basi ninyi ni watumishi wa nani?" Unanijua. Nikamuuliza kama Uhuru uliingia ofisini mle, au ulichungulia dirishani ukapita. Alicheka, maskini, hakuwa mtu mbaya, ila hakuwahi kuona Waafrika wanaokwenda porini kwa raha zao. Mwisho tukamwandika Ndoro, maana bunduki ya marisau ilikuwa yake. Mzee wa watu aliposikia ameandikwa bwana wa safari, alicheka mpaka akashika mti.

Bodo palikwenda kama ulivyotaka. Mama alivua changu wanne kwenye mkono wa bahari kati ya mikoko, Salimu akavua mmoja, na mpaka leo hajaachwa apumue. Siku ya pili tukaingia bara. Mama alitapika mara moja tu. Ndimu zako zilifanya kazi.

Siku ya tatu ndipo nilipoliona kosa lako, la pekee, nikafurahi kukupata na kosa. Tulifika kambini alasiri. Salimu akaruka kuwasha moto. Ndoro akaanza kuchimba mfereji kuzunguka hema. Mimi nikakimbilia kuteka maji. Viti vinne vya kukunja vikapangwa mbele ya hema kwa mstari, meza ndogo katikati, kitambaa juu. Na havikukaliwa. Salimu akaleta birika, akalisimamisha hapo, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, anangoja. Uliandikisha nani apike, nani ateke maji, nani apige hema. Hukuandikisha nani akae!

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Mmekuja kumtumikia nani hapa? Jini? Kaeni!"

Salimu alikaa ukingoni mwa kiti kama bibi harusi. Ndoro alikaa, akainuka, akakaa, akainuka tena kusukuma kuni, mpaka Mama akamshika bega akamkalisha. Akatumiminia chai yeye mwenyewe. Tukanywa tukitazama ile nyika inavyobadilika rangi jua likishuka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ulikuwa unataka nini.

Kabla giza halijaingia Ndoro akawapiga ndege wawili, kanga wanene. Walianguka mbali, wanapapatika, na Ndoro si Mwislamu, kwa hiyo ni lazima mmoja wetu awahi kuwachinja kabla hawajafa. Aliniambia kazi hiyo ilikuwa yako, kwamba ulikuwa ukikimbia na kisu kama kijana hata mvi zilipokujaa. Salimu nyonga yake mbovu. Mimi nilikuwa bado natafuta kisu kiko wapi, namwona Mama huyo, leso kaifunga kiunoni, anakata miiba! Salimu akapiga kelele kwamba mwanamke hachinji na wanaume wapo. Mama akamjibu hukohuko aliko, "Wanaume gani? Bismillahi yangu ina upungufu gani?" Tulikula vizuri usiku ule, Mjomba.

Asubuhi ya nne Ndoro akatuchukua kwa miguu mpaka ukingo wa mto mkavu, penye mkunazi mmoja. Hapakuwa na kitu. Mawe matatu ya kupikia, nusu yamefukiwa. Nikasema moyoni, ndiyo haya?

Ndoro akavua kofia. Akamwambia Mama, na sauti yake ilikuwa ya furaha, ya mtu anayeonyesha nyumba yake: "Hapa ndipo kaka yako aliponiuguza. Nyati alinipasua hapa." Akainua shati, tukaona kovu limepita kutoka ubavuni mpaka nyongani. "Siku kumi na moja. Alinichemshia maji ya chumvi, akaniosha kama mtoto, akafukuza fisi kwa vijinga vya moto. Habari ya msiba wa mama yenu ilimkuta hapa hapa. Akasali, akalia. Nikamwambia nenda, Bakari, mimi tayari ni maiti. Akaniambia, 'Mama ana watu wa kumzika. Wewe una nani wa kukupa maji?'"

Ndoro hakuwa akijua, Mjomba. Miaka yote hiyo hukuwahi kumwambia ulichokikuta mlangoni kwa dada yako. Alidhani anampa Mama zawadi.

Mama akauliza, polepole, "Na mzungu?"

"Mzungu gani? Wazungu waliondoka na gari siku ya pili. Walisema wataleta daktari. Mto ukajaa, hawakurudi."

Mama alikaa chini. Si kitini, chini, mchangani, karibu na yale mawe. Nilitaka kumwinua, Ndoro akanizuia. Mama akalia tena, na safari hii sikuweza kumsikiliza, nikaenda kusimama mbali, nikakukasirikia. Ndiyo, nilikukasirikia! Neno moja tu, Mjomba. "Alikuwa Ndoro." Lingekugharimu nini? Ungekula uani miaka kumi na tano. Nimeliuliza hili tangu siku ile, na jibu ninalolipata ni kwamba ulidhani dada yako angeuliza, na yeye alidhani ungesema, na nyote wawili mlikuwa na adabu nyingi mno. Lakini baada ya hasira, yaliyobaki ni fahari. Nimetoka kwenye ukoo wa mtu aliyekaa siku kumi na moja na mwenzake, akalaumiwa, na bado akanunua daftari ampangie anayemlaumu safari yenye tangawizi.

Mama hakurudi siku ile. Ndoro alipouliza kama tugeuze gari, akasema, "Kaka yangu alipanga siku sita. Ni sita."

Basi tukapanda vilima vya Shimba. Siku ya mwisho asubuhi, umande haujakauka, tuliwaona palahala saba kwenye majani mafupi, dume mbele, mweusi anang'aa, pembe zimepinda nyuma mpaka mgongoni. Hatukusogea. Salimu, ambaye amewapikia watazamaji wa wanyama maisha yake yote, alisema ni mara ya kwanza kumwona palahala bila sufuria mkononi. Mama alimtazama yule dume mpaka akaingia msituni, kisha akasema kwamba sasa anajua ulikuwa unakaa na nani huku porini.

Sasa nikuage. Sisi wazima. Ndoro yuko hapa Msambweni tangu juzi. Mama amemwita, na anamlisha uani, naye ananyang'anywa minofu kama sisi sote. Nakuahidi mwezi wa nane ujao tutakwenda tena, na daftari nitaliendeleza kwa mkono wangu, na kila atakayezaliwa kwetu nitampeleka kwenye ule mkunazi nimsimulie, nisingoje mpaka nife. Mungu akulaze pema, Mjomba wangu. Akupe kivuli na maji, wewe uliyewapa watu vyote viwili.

Mama amekaa hapa mlangoni tangu nilipoanza. Hajui kusoma, lakini ameniuliza kama nimefika mwisho. Amesema hapa niandike maneno yake, nisiyapambe. Haya ndiyo:

"Kaka, ningalikuwapo pale ningalikwambia mimi mwenyewe: Kaa na mwenzako. Mama tutamzika sisi."

Mpwa wako,
Mwanasha