Nesi wa Ng'ambo

Jumatatu, 5 Februari

Wilayani tena. Mara ya nne tangu mwaka uanze. Dada wa masjala amenizoea mpaka salamu anaitikia bila kuinua macho. Faili langu limepungukiwa na kitu kingine. Safari iliyopita zilikuwa picha, eti ukuta wa nyuma haukuwa wa buluu. Leo ni barua ya utambulisho kutoka kijijini. Nikamwuliza kwa nini hakuitaja Desemba. Akasema Desemba alikuwa likizo.

Nikasema asante. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Kule Malawi nilisomea uuguzi na ukunga miaka mitatu, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka tisa. Nimevuka ziwa kwa ajili ya ndoa, na mama yangu mwenyewe ni mzaliwa wa mwambao huu. Nina miaka miwili na nusu hapa. Kwenye karatasi za serikali hii bado sijui hata kumpima mjamzito presha.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua tangu alfajiri. Nimepalilia mihogo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya ibada wanawake walinizunguka na watoto wao. Huyu ana upele, yule kitovu kimechelewa kukauka. Nikawajibu mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayepita tu.

Nitasema hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Tangu nije nimezalisha kumi na moja. Sikuwatafuta. Zahanati iko kilomita tisa, mto ukijaa hapapitiki, na wanawake wa hapa wakishajua nyumba ya nesi iko wapi hawaendi mbali. Wa kwanza alinikuta nakaanga usipa, dagaa wa ziwa hili. Ningemwambia asubiri nisajiliwe? Hakuna aliyekufa, si mama, si mtoto. Najua pia kwamba bila leseni ya nchi hii ni kosa. Ndiyo maana majina yao siyaandiki hata humu.

Jumatano, 14 Februari

Nimeipata barua ya utambulisho. Mzee Kasiani, mwenyekiti wa kijiji, ameiandika mwenyewe kwa mkono. Alinikalisha barazani kwake nusu siku. Kila sentensi alikuwa anasimama, anatazama ziwa, anarudi. Nikajiuliza kuna nini cha kufikiria, barua yenyewe ni ya kusema fulani anaishi hapa na tabia yake ni njema. Akagonga muhuri mara mbili, akatia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi ya ugali.

Akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mwanangu, nenda nayo. Hii watakusikia."

Bahasha iliyofungwa na mzee haifunguliwi na mbebaji. Mama alinifundisha hivyo kule ng'ambo, na huku ni hivyo hivyo. Nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike.

Jumatatu, 19 Februari

Nilipanda Mbinga kwa wakili, agonge muhuri wake kwenye nakala za vyeti. Baridi ya huko inaingia kwenye mifupa. Wamatengo wanatembea na makoti mazito, mimi na kanga yangu ya mwambao. Wakili alikuwa kijana mpole. Alikishika cheti changu cha ukunga, akasoma jina la chuo, akasema hakuwahi kukiona. Nikamwambia na chuo hakijawahi kumwona yeye. Akacheka. Nilikuwa sitanii.

Nimepita hospitali ya huko kuulizia. Matroni amesema wapo tayari kunipokea miezi sita ya vitendo chini ya uangalizi, nikishapata kibali tu. Alinitembeza wodi ya wazazi. Wauguzi wawili, wazazi kumi na tisa. Mama mmoja alikuwa anatapika, nikamshikia beseni kabla sijakumbuka kwamba mimi si mtu wa pale. Sikutaka kutoka.

Kurudi nimepitia wilayani. Dada wa masjala amechukua faili lote pamoja na bahasha ya mzee, imefungwa vile vile. Kwa mara ya kwanza amesema limekamilika.

Jumanne, 12 Machi

Menasi amerudi kutoka ziwani na samaki watatu wakubwa, mbasa. Mume wangu si mtu wa maneno. Akaniuliza leo kama nikipata hiyo kazi Mbinga nitahamia huko na mtoto wetu. Nikasema ni miezi sita tu. Akaendelea kupara magamba.

Baadaye nikamsikia nyuma ya nyumba anamwambia kaka yake kwamba mke wake anakwenda kuwa nesi wa serikali. Alikuwa anajisifu. Nimefurahi kupita kiasi. Si vizuri kufurahi mapema.

Jumanne, 16 Aprili

Nimepigiwa simu. Nifike wilayani Ijumaa saa tatu kwa mahojiano. Nimefua gauni la kanisani. Nimesoma tena daftari zangu za chuo: kifafa cha mimba, kutokwa damu baada ya kujifungua, mtoto asiyelia. Nayajua yote. Waulize wanachotaka.

Ijumaa, 19 Aprili

Hawakuniuliza hata moja.

Walikuwa watatu, mmoja ametoka makao makuu. Mama mtu mzima, mtaratibu, miwani kwenye kamba. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Mbele yake barua ya Mzee Kasiani. Bahasha imechanwa. Akaniuliza kama naijua. Nikasema ni utambulisho wangu kutoka kijijini.

Akaisoma kwa sauti. Mzee alianza vizuri, naishi wapi, mke wa nani. Halafu akaendelea. Kwamba kijiji kinashuhudia kazi yangu kwa macho yake. Kwamba nimezalisha akina mama kumi na moja na wote wazima. Halafu majina. Jina la mama, jina la mtoto, mwezi, amezaliwa nyumba ya nani. Yote kumi na moja kwa mpangilio. Mwisho muhuri mara mbili.

Nusu siku nzima barazani. Kumbe alikuwa anakumbuka.

Yule mama akavua miwani. "Binti yangu, haya ni kweli?"

Ningesema si kweli. Hapo ningemfanya mzee wa miaka sabini na mbili mwongo mwenye muhuri wa serikali. Nikasema ni kweli. Akanitazama kama mtu aliyetaka nidanganye. Yule mwanamume wa pembeni akaandika. Akasema kutoa huduma bila usajili ni jinai, na kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi jambo linaweza kwenda mbali zaidi. Akasema nijihesabu nina bahati.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Hii ilikuwa shukrani ya watu, na mateke nimeyapata vile vile.

Jumamosi, 20 Aprili

Mzee Kasiani amekuja asubuhi. Amesimama uani na fimbo yake, anatabasamu kabla hata sijamwamkia. Akauliza kama barua yake waliisoma.

Nikasema waliisoma, mzee. Yote, kwa sauti.

Akafurahi mno. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia umeniua kwa mkono wako na hati yako nzuri. Nikamletea kigoda.

Jumatatu, 13 Mei

Majibu. Ukurasa mmoja. Maombi hayatapokelewa kwa miaka mitatu kwa sababu ya kukiuka sheria. Nikirudia, mahakamani, na taarifa itafika uhamiaji. Nakala kwa mtendaji wa kata. Mwenyekiti hajapewa nakala.

Nimemwonyesha Menasi. Akaisoma mara mbili. Nikamwambia asimwambie mtu ilikuwaje, hasa Mzee Kasiani. Akasema mzee ana haki ya kujua alichofanya. Nikamwambia akijua atakufa. Tumegombana kwa kunong'ona maana mtoto alikuwa chumba cha pili.

Miaka mitatu. Baada ya hapo nitakuwa na miaka mingapi nje ya kazi? Watasema nimesahau. Watakuwa wamesema kweli.

Jumatano, 22 Mei

Nilikutana na Sesilia bombani. Ni mkwe wa Mzee Kasiani, mke wa mwanawe Beatus. Mimba yake ya kwanza, tumbo tayari limeshuka. Alikuwa ananyanyua ndoo ya lita ishirini. Nikamwambia aende mapema, akae karibu na hospitali angoje siku zake huko. Akacheka. Aende huko kufanya nini na mimi nipo?

Nikamwambia mimi sipo. Akacheka zaidi, akadhani ni utani wa ng'ambo.

Sikumgusa tumbo. Mikono ilitaka.

Alhamisi, 13 Juni

Saa nne asubuhi. Sesilia na mama mkwe wake mlangoni kwangu. Mzee Kasiani alikuwa Liparamba kwenye kikao, Beatus ziwani. Maji yalikuwa yamevunjika. Niliiona kanga. Rangi ya kijani.

Najua kijani maana yake nini. Mtoto amechoka ndani, na akitoka lazima awepo mtu wa kumsafisha njia ya hewa na kumpulizia.

Nikasimama mlangoni. Nikasema siruhusiwi. Mama mkwe akanitazama kama nimesema Kizungu. Akasema, "Mwanangu, huyu ni Sesilia." Nikasema namwona, mama, nenda naye zahanati sasa hivi. Nikapiga simu zahanati mwenyewe. Nikamwita kijana wa bodaboda mwenyewe. Nikamwambia Sesilia asisukume. Alikuwa amenishika kiwiko. Nilimbandua vidole kimoja kimoja.

Kwenye pikipiki walikaa watatu. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa nne, na nilishukuru kwamba haikuwepo. Nimeandika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mtoto amezaliwa kwenye kona ya mto, juu ya majani. Wa kiume. Hakulia. Mama mkwe alimpiga mgongoni kama walivyofanya bibi zake. Dereva alimpepea kwa shati.

Kijiji kizima kimeshajua. Hakuna aliyepita kwangu.

Ijumaa, 14 Juni

Wamemzika asubuhi. Kitoto hakina matanga marefu. Nilikwenda. Nilikaa na wanawake, nikachambua maharage. Hakuna aliyenitukana. Aliyekuwa karibu yangu alisogea kidogo, labda alitaka kunyoosha miguu. Walio na watoto wangu, wale kumi na moja, waliwabeba migongoni.

Sesilia alikuwa ndani, maziwa yameanza kutoka. Wangempa majani ya kabichi ajifunge kifuani, asiyakamue. Sikusema. Nani angenisikiliza.

Nisingeweza kumwokoa? Ningeweza. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, najua. Kuna siku nitaomba Mungu anisamehe. Leo bado nina hasira naye.

Jumanne, 18 Juni

Upepo wa mwera unavuma, boti hazijatoka. Menasi yuko nyumbani. Amepika yeye.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Baada ya ibada Mzee Kasiani amekuja. Nilidhani amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, na nikajiandaa kupokea chochote. Nikamwamkia. Akaketi. Akatoa mfukoni muhuri wake uliofungwa kwenye nailoni, akauweka mezani.

Akasema mke wake amemweleza yote. Kwamba nilisema siruhusiwi. Akasema hao watu wa ofisi wamemchukulia mjukuu wake kwa uzembe, miezi minne sasa karatasi ya nesi haijatoka. Hajui kwamba majibu yalikuja.

"Huna kosa wewe," akasema. "Ulitii. Sasa tuwaandikie tena. Ile ya kwanza labda ilikuwa fupi."

Menasi alikuwa kwenye kizingiti. Akanitazama, akasubiri. Ilikuwa zamu yangu kusema na nilijua. Nilifungua mdomo. Mzee alikuwa ameshavaa miwani.

Nikampa karatasi.

Ameandika kwa saa mbili. Wale kumi na moja, kwa mpangilio ule ule, hakukosea hata mwezi. Chini yao akaweka namba kumi na mbili: mtoto wa Sesilia na Beatus, amefariki njiani kwa kuwa nesi wetu hajaruhusiwa. Hapo akakata mstari, akaandika upya. Akagonga muhuri.

Safari hii hakuifunga. Akanipa niisome, niangalie kama amesahau kitu. Nikaisoma mbele yake mpaka mwisho. Nikamwambia hujasahau, mzee.

Amekunywa chai, ameondoka. Barua nimeiweka sandukuni pamoja na vyeti. Menasi ametoka kwenda kukagua kamba za mtumbwi.