Baba Hakuifungua Ile Bunduki

Shoga! Usinipigie, soma tu.

Baba amempiga baba mdogo risasi. Ndugu yake wa tumbo moja! Pale pale karakana, mchana kweupe.

Baba mdogo alileta bunduki yake ya ulinzi, kifyatulio kimekwama. Unamjua baba, miaka arobaini fundi bunduki, wimbo wake ni mmoja: "Usiulize kama ina risasi, ifungue uone." Hata za wakubwa wa askari huzifungua mbele ya macho yao. Leo kanyoosha mkono aifungue, baba mdogo akanuna: "Kaka, nimeshasema haina kitu. Hata mimi huniamini?"

Baba akaona haya. AKAONA HAYA, shoga! Akaibana kwenye jiliwa, kile chuma chake cha kubania, baba mdogo kashika mtutu isicheze, baba akagonga kifyatulio mara moja tu.

Mlio ule! Ukuta umetoboka, baba mdogo yuko chini, vidole viwili havipo, damu mpaka darini. Mara akainuka, akamkaba baba koo kwa mkono ule ule uliokatika vidole: "Umeniua, kaka!" Mimi na mama tumewaachanisha kwa ngumi.

Sasa tuko hospitali. Daktari kauliza ilikuwaje. Baba mdogo kainamisha kichwa: "Nilimwambia haina risasi."

Baba, shati lote jekundu, kasema polepole: "Kweli aliniambia. Na mimi nikakubali, ili asinikasirikie."